Mtunza Dume wa Mji Mdogo wa Kilareni

Siku hizi ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, utapita Kilareni bila kujua kwamba umepita mji. Utaona maduka, saluni mbili, fundi baiskeli na wanawake waliopanga ndizi kwenye viroba, nawe utasema, "Kumbe huku nako ni Moshi." Tafadhali usiseme hivyo kwa sauti. Kilareni ulikuwa mji, tena mji wenye bango lake, muhuri wake, toroli lake la taka na dume lake la ng'ombe. Na aliyemtunza dume huyo kwa miaka mingi aliitwa Elifuraha Swai, mtu mwembamba, mpole, ambaye hakuwahi kubishana na mtu yeyote mpaka siku walipotaka kumla rafiki yake.

Mji wenyewe ulianzia kwenye ghala la kahawa. Wakulima walishusha magunia wakasubiri mzani, na mtu anayesubiri huona njaa, kwa hiyo mmoja akafungua mgahawa. Aliyeshiba huona kiu, basi mwingine akafungua kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Aliyelewa hupotelea njiani, basi wakajenga na nyumba ya wageni. Biashara zilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, mitumba nayo ikamwagika hadi barabarani, na mwaka themanini na sita Kilareni ukatangazwa kuwa mji mdogo. Aisee, watu walivimba vichwa! Mtu anatoka kwenye migomba yake, anavuka barabara kununua chumvi, anaaga nyumbani kwamba anaenda mjini. Moshi yenye reli na taa za barabarani waliiita "kule chini", tena wakiwa wamebetua midomo.

Elifuraha hakuwa mzaliwa wa pale. Alitoka Machame, Mlutheri wa kwaya, sauti ya nne. Kwao, kama ilivyo kwa Wachagga wengi, mtoto wa kwanza hupewa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na wa katikati hupewa baraka. Elifuraha alikuwa wa katikati, na baraka alizipata za kutosha. Akazichukua akahamia Kilareni kwa sababu ya msichana mmoja Mkatoliki aitwaye Salvina, aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Kumpata Salvina haikuwa kazi ya mchezo. Mama yake, Bibi Hilaria, alimrudisha mshenga mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu mbege haikuwa imeiva. Mara ya pili ilikuwa imeiva mno. Mara ya tatu mshenga alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Elifuraha alisubiri miaka miwili, na alipomaliza kuoa alikuwa anazijua taratibu zote za posa za upande ule wa mlima, hata zile ambazo wenyeji wenyewe walikuwa wameanza kuzisahau.

Mwaka themanini na saba mradi wa mifugo ukaupa mji ndama dume wa kisasa, mweusi kwa mweupe, ili akikua watu wamletee ng'ombe wao. Mtunzaji akatafutwa. Ujira ulikuwa mbolea tu, basi wenyeji wote wakakumbuka ghafla kwamba migongo inawauma. Elifuraha akanyoosha mkono. Alipomsogelea yule ndama, ndama alimtazama muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayetaka kumsahihisha. Elifuraha akamwita Profesa.

Basi ikawa ndiyo maisha yake. Asubuhi alikata majani, akachanja migomba vipande vidogo vidogo, akampiga Profesa brashi, akamsimulia habari za mji: nani kafungua duka, nani kafunga, nani kamkimbia nani. Profesa alisikiliza akitafuna. Hakuwahi kumkatisha, jambo ambalo Elifuraha hakulizoea nyumbani kwake.

"Baba Ruth," Salvina alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni mwa zizi na kikombe cha chai kilichopoa, "mimi lini nitapigwa brashi?"

"Wewe una kitana, Mama Ruth."

"Haya! Siku nikiota pembe utanijua."

Miaka ile Profesa alikuwa Profesa kweli. Ng'ombe waliletwa hadi kutoka Masama, wakapanga foleni nje ya zizi, na nusu ya ndama wa Kilareni walizaliwa na baka jeusi juu ya jicho la kushoto. Elifuraha alipita barabarani akiwahesabu kama babu anayehesabu wajukuu. Lakini soko huria halikumwacha mtu. Akaja mtaalamu mmoja wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ana pikipiki, ana chupa yenye moshi wa baridi, anakuja mpaka nyumbani kwako, anamaliza kazi kabla chai haijachemka. Nani tena atamburuta ng'ombe barabarani? Na kwa kweli Profesa mwenyewe alikuwa ameshachoka. Mama mmoja alimleta ng'ombe wake kutoka Sanya Juu, siku nzima ya safari. Profesa alimnusa yule ng'ombe kwa adabu, kama anayempa shikamoo, kisha akarudi kwenye majani yake akalala.

"Anafikiria," Elifuraha alimtetea.

"Nimetoka Sanya Juu kuja kuletewa mawazo?" yule mama akafoka. Akaondoka kumtafuta mwenye pikipiki.

Ndipo mwaka tisini na nane ikaja barua. Mwenyekiti wa mji mdogo, Mzee Wenseslaus Mallya, mwanamume wa tumbo la heshima, aliisoma mbele ya mkutano ndani ya ghala la kahawa. Kuanzia tarehe mosi Julai, Kilareni utaunganishwa na Manispaa ya Moshi. Hakutakuwa tena na mji mdogo. Kutakuwa na mtaa. Wageni kutoka manispaa watakuja kwenye sherehe ya makabidhiano.

Mtu mmoja akauliza kama bango litabaki. Mzee Wenseslaus akasema halitabaki. Mwingine akauliza kama wataendelea kusema wanaenda mjini, au sasa watakuwa wanatoka mjini kwenda mjini. Walikaa na majonzi hayo kwa dakika nne nzima, mpaka Mzee Wenseslaus alipotaja chakula.

"Wageni wasije wakatudharau," alisema. "Tuna dume pale. Hana kazi. Amebaki kula tu na kututazama. Tumchinje, tuage kwa heshima."

Makofi! Watu waliokuwa wanapangusa machozi wakaanza kupangusa midomo. Na kwa kuwa kwa Wachagga nyama haigawanywi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, mgawanyo ukaanza palepale, mnyama akiwa hai zizini anacheua. Kidari ni cha mwenyekiti. Hapana, kidari ni cha mjomba. Mjomba wa nani, mji una mjomba? Shingo iende kwa wapishi. Ulimi apewe Bibi Hilaria. "Ulimi ninao tayari," Bibi Hilaria akasema, "nipeni mbavu." Wakabishana juu ya mkia peke yake karibu saa nzima.

Elifuraha alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya gunia tupu. Alisikia rafiki yake akikatwa kiungo kwa kiungo kwa maneno, mguu huu kwa fulani, figo zile kwa fulani. Alitamani kupiga kelele. Lakini mgeni kutoka Machame angesema nini mbele ya watu wenye njaa na kisu? Akimwombea huruma watamcheka. Akisema bado anafaa watamuuliza habari za mama wa Sanya Juu. Akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Nina swali la kijinga."

"Marahaba. Uliza, sisi tumezoea," akasema Mzee Wenseslaus.

"Kati ya Kilareni na Moshi, nani anamfuata mwenzake?"

"Wao wanatufuata sisi. Barua si umeisikia?"

"Na nani anabadilisha jina?"

"Sisi."

"Basi anayefuatwa kwao, akachukuliwa, akabadilishwa na jina, anaitwaje?"

Bibi Hilaria ndiye aliyejibu, polepole, "Bi harusi."

"Asante mama. Sasa mimi mgeni naomba kuelimishwa. Nani hapa amewahi kuona nyumba ya bi harusi ikichinja dume lake, wakati upande wa mwanamume haujaleta hata kibuyu kimoja cha mbege?"

Mzee Wenseslaus akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu na Maria!" alisema. "Tulikuwa tunajitoa bure!"

Hapo ndipo Kilareni ilipopata wazimu. Mzee Wenseslaus akawa baba wa bi harusi, akaanza kutembea polepole na kukohoa kabla ya kusema. Bibi Hilaria akawa mama. Barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri mara mbili ili isomeke: kwamba Kilareni wamesikia kuna kijana kule chini anamtaka binti yao, lakini hawajaona mshenga, na binti si wa kuokotwa barabarani.

Manispaa walimtuma afisa mmoja, Bwana Jovin Temu, kwenda kuona kuna tatizo gani. Bwana Jovin alifika na faili na kalamu tatu. Akakuta wazee wamekaa uani, wamejipanga, wanamtazama kama hawajawahi kuona mtu mwenye tai.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kuhusu ile barua."

"Barua?" Mzee Wenseslaus akashangaa sana. "Barua ipi? Sisi tunaona mtu ameingia uani. Umepotea njia, baba?"

Bwana Jovin akafungua faili, akalifunga. Akawatazama mmoja mmoja. Bahati njema alikuwa mtoto wa Uru, mlima uleule, na alikuwa ameoa. Akaanza kuelewa. Akasema labda amepotea, ila njiani amesikia kwamba huku kuna mgomba mzuri, naye kwao wanatafuta mche. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kisha Bibi Hilaria akaona kwamba kijana amekaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akamrudisha.

Mara ya pili alileta debe moja la mbege. Bibi Hilaria akaonja, akafumba macho, akasema inywewe na watoto. Akarudishwa. Wengine wangekata tamaa, lakini Bwana Jovin alikuwa ameshaingia. Inasemekana ofisini kwake walimsikia akimwomba mwenzake ushauri wa ulezi na ndizi za kuivisha. Mara ya tatu alikuja na madebe matatu yaliyoiva barabara, mbuzi mmoja dume, blanketi la mama na shuka la baba. Hakukaa mpaka alipoambiwa kaa. Wakamkubalia. Kina mama wakapiga vigelegele, na Elifuraha alikimbia hadi zizini akamkumbatia Profesa shingoni, akacheka peke yake mpaka Salvina akaja kuona kuna nini.

Sherehe ikafanyika tarehe mosi Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Mbuzi mmoja, watu mia mbili na arobaini. Kila mtu alipata kipande cha kuweka kwenye jino moja, lile jingine likawa linaangalia tu. Minong'ono ikaanza, macho yakawa yanamfuata Elifuraha. "Saa hizi tungekuwa tumeshiba," mtu akasema. Elifuraha alijifanya anatafuna.

Kisha Bwana Jovin akasimama kusoma orodha ya makabidhiano, mali zote za mji zinazohamia Moshi. Meza tatu. Viti saba, kimoja kibovu. Muhuri mmoja. Toroli moja. Dume mmoja.

Elifuraha akakitema kile kipande.

"Hapana," akasema. "Dume ni wa huku. Tumeshatoa bi harusi, yatosha."

Mzee Wenseslaus, ambaye njaa ilikuwa imemtia hasira, alimgeukia. "Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba hii ni ndoa. Binti akiondoka huondoka na vyombo vyake, au huko Machame mnawatoa mikono mitupu? Dume aende!"

Watu wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya watu waliokosa mbavu. Kamba iliyomfunga Elifuraha alikuwa ameisuka mwenyewe. Akaketi chini palepale kwenye majani yenye umande, mtu mzima na koti lake la kanisani, akalia waziwazi. "Nimemlea toka hajaota pembe," alisema. "Nani huko atamchanjia migomba? Vipande vikubwa hawezi, meno yameisha." Salvina, aliyekuwa na kila sababu ya kumwonea wivu yule dume, akaketi naye akamshika bega.

Bwana Jovin akatazama orodha yake. Kisha akatazama lori dogo lililokuja kuchukua viti. Akakuna kichwa.

"Wazee wangu," akasema, "ofisi yetu iko ghorofani. Mimi dume nitamweka wapi?"

Bwana Jovin akaendelea, polepole, kama mtu anayepita kwenye utelezi. "Kwetu Uru, mtu mwenye ng'ombe asiye na zizi humwekesha kwa mwenzake. Mfugaji anachukua mbolea. Mwenye mali anabaki mwenye mali. Na ng'ombe hachinjwi mpaka mwenye mali aambiwe, aje mwenyewe, aseme ndiyo. Na huku ni hivyo?"

"Ni hivyohivyo," akasema Bibi Hilaria. "Hatuli ng'ombe wa watu bila ruhusa. Sisi si fisi."

"Basi Moshi inamwekesha dume wake kwa huyu anayelia."

Bwana Jovin akaandika, akapiga muhuri wa Kilareni kwa mara ya mwisho, halafu akautia mfukoni. Elifuraha aliinuka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Bango likang'olewa jioni ileile. Mzee Wenseslaus akaliomba, akaenda nalo nyumbani, na mpaka leo limeezeka banda lake la kuku.

Miaka miwili Profesa aliishi kama mstaafu wa serikali, anakula na kutoa maoni kwa macho. Mji, samahani, mtaa, ulikua. Simu za mezani zikaja, vibanda vya video vikaja. Mzee Wenseslaus hakuwahi hata siku moja kukubali kwamba yuko Moshi. Kila aliyemuuliza anakaa wapi alijibu, "Kilareni, juu ya Moshi," akanyoosha na kidole.

Ikafika Julai ya mwaka elfu mbili, baridi ya mlimani imekaza, na asubuhi moja Profesa hakuweza kusimama. Elifuraha alimfunika kwa blanketi la nyumbani. Kufa kufaana: haikupita robo saa, Mzee Wenseslaus akawa mlangoni mwa zizi na kisu kilichonolewa, wanaume watatu na beseni.

"Elifuraha, tumuwahi! Akikata roho mwenyewe ni kibudu, hataliwa na mtu. Utaacha nyama yote hii ioze?"

"Mwenye mali hajaambiwa, mzee."

"Mwenye mali ni nani?"

"Moshi."

"Na sisi sasa ni nani? Si ndiyo hiyohiyo Moshi? Basi mwenye mali yuko hapa, anasema ndiyo! Sogea!"

Wale watatu wakacheka wakakunja mikono ya mashati. Elifuraha hakusogea. Kichwa cha Profesa kilikuwa mapajani mwake, kizito, pumzi zikitoka moja moja.

"Sawa, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Sema mbele ya hawa mashahidi kwamba Kilareni haipo. Sema wewe ni mtu wa Moshi tu. Ukisema, nitasogea."

Mzee Wenseslaus akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kisu, akatazama kile kidari kilichokuwa kikipanda na kushuka, kidari alichokingoja tangu mwaka tisini na nane. Akafungua mdomo tena. Lile neno halikutoka.

"Mtu aende akamwite Jovin," alisema mwishowe, akaketi juu ya beseni.

Akaenda mtu. Kushuka Moshi, kumpata Jovin, kupanda tena, ni safari. Walisubiri wote mle zizini, kisu chini. Elifuraha alimsimulia Profesa habari za mji kama kawaida: nani kafungua duka, nani kafunga. Saa sita kasorobo Profesa alimtazama muda mrefu, kwa makini, kisha akaacha kutazama.

Bwana Jovin alifika saa saba na faili. Akavua kofia. Wakachimba shimo nyuma ya zizi, shimo kubwa ajabu, na habari zikaenea kwamba kilo mia nne za nyama zinafukiwa ardhini. Kilareni nzima ikapanda kuja kuona kwa macho yake. Wanawake walishika vichwa. Wanaume waliuma vidole. Udongo ulipoanza kumwagwa juu ya mbavu zile, juu ya shingo ile, watu wakaangua kilio ambacho hakijawahi kusikika kwenye msiba wa mtu yeyote pale, na Mzee Wenseslaus alilia kuliko wote, ikabidi ashikwe asije akatumbukia.

Elifuraha alisimama na koleo lake, akawatazama mmoja mmoja, watu mia na zaidi, wanalia kweli kweli. Hakumuuliza mtu anamlilia nini. Alipita kwenye mstari mzima akiwapa mikono, akawashukuru kwa kuja.